Mdomo wa Solange, Sauti ya Mama

Mwezi uliopita nilinunua godoro jipya hapa Mbarara, na nilipochana nailoni yake chumbani, harufu ya sponji ikanipiga usoni hata nikalazimika kukaa chini. Si harufu mbaya. Wengine wanaipenda, wanasema ndiyo harufu ya kuanza maisha. Mimi ilinirudisha kwenye chumba kidogo kilichozibwa kwa magodoro kuta zote, mahali ambapo mama yangu aliingia na sauti yake na, kwa akili yangu ya wakati ule, akatoka bila hiyo. Nilikaa pale sakafuni nikagundua kwamba hasira yangu haijazeeka. Mimi nimeanza kuzeeka, yenyewe bado binti.

Nyinyi mliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, wakati wangu hamhitaji kuelezwa klipu, video ya wimbo, ilikuwa nini kwetu. Kabla simu hazijawa na memori kadi, tulizitazama kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, CD zilizokwaruzika zikikwama katikati ya haleluya. Kwaya za kwetu Kongo ziliimba mbele ya maporomoko ya maji, mbele ya maua ya hoteli, mbele ya magari yasiyokuwa yao. Kwingine wanasema klipu ni ya kuuza wimbo, au ya kuwachezesha vijana. Kwetu watu wazima hawakumtazama sana aliyeimba mbele. Walitazama safu ya nyuma. Walikuwa wakitafuta watu wao.

Siku moja mwanamke aliyekaa karibu nasi aliruka juu, akaenda kukigusa kioo cha televisheni akiita jina la binti yake. Binti alionekana kidogo tu, nyuma ya ngoma, amenenepa, mzima, anapiga makofi. Mwenye kibanda akairudisha ile sehemu kila mama yule alipomwomba, na katika watu wote waliojaa mle hakuna aliyenung'unika. Ndipo nilipojua kazi ya klipu: ni salamu kwa mtu usiyejua anakaa wapi, wala kama bado anakaa mahali popote.

Mama naye alikuwa na mtu wa namna hiyo. Mdogo wake, Asukulu. Tulipokimbia kutoka Fizi, kule Kongo, mimi nikiwa mgongoni mwake, askari walitusimamisha kwenye kizuizi cha barabarani. Mjomba Asukulu akachomoka akaingia kwenye mihogo, risasi zikamfuata. Mama alipopiga kelele akitaja jina lake, askari mmoja alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Meno ya mbele yalibaki pale kizuizini, na habari za mjomba zilibaki palepale. Kila gari la wakimbizi wapya lilipofika Kabazana, kwenye kituo cha kupokea watu, mama aliacha jembe akaenda kuangalia wanaoshuka. Alirudi akashika jembe lilelile, akaendelea na mstari alioacha.

Lakini alikuwa anaimba. Asubuhi akiwasha moto, mchana akipalilia maharage, na Jumapili kwenye kwaya ya kanisa letu la maturubai. Ilikuwa sauti iliyoanza chini, kama mtu anayesukuma mlango mzito kwa bega, kisha mlango ukafunguka na kila mtu akaona mwanga. Alipoimba alifunika mdomo kidogo kwa pembe ya kitenge. Mimi nilidhani ndivyo waimbaji wakubwa wanavyofanya, nikawa naiga nikicheza na wenzangu.

Kiongozi wa kwaya tulimwita Prezida. Mtu mrefu, shati jeupe, viatu vinang'aa hata wakati wa kiangazi ambapo vumbi la Nakivale halimheshimu mtu. Siku moja alikuja nyumbani, akakalia kigoda chetu, akamwambia mama kwamba kwaya itarekodi wimbo Mbarara na kufanya klipu, na kwamba wimbo ni ule wa mama.

"Miye sitaki kuonekana, Prezida," mama akasema. "Bachague basichana."

"Mama Riziki, sikia." Riziki ndiye mimi. "Klipu iko na miguu. Inafika fasi weye hautafika. Goma, Bujumbura, Kigoma, Lusaka. Ndugu yako iko fasi fulani anakaa, iko anaangalia. Atakuona. Nakuahidi mbele ya Mungu."

Nikamwona mama akiishusha ile pembe ya kitenge kutoka mdomoni, polepole. "Sawa," akasema. "Nitaimba."

Studio ilikuwa nyuma ya maduka, upande wa Ruharo. Mwenyewe alikuwa kijana wa Kinyankole tuliyemwita Produsa Mugisha, mpole, kofia imegeuzwa kisogoni. Nilipomuuliza kwa nini ametundika magodoro ukutani, alicheka akanijibu kwa Kiswahili chake: "Hii godoro nakula sauti, mutoto. Bila hii, sauti nakimbia-kimbia hapa ndani." Alikuwa anasema juu ya mwangwi. Mimi nilielewa nilivyoambiwa: magodoro yanakula sauti.

Mama akaingia. Akafungwa mle ndani, visikizio masikioni, nami nikabaki kwenye kioo. Alipomaliza, Mugisha alivua visikizio vyake akasema, "Banange! Nyabo, hii sauti wewe natoa wapi?" Mama akatoka akitokwa jasho, kitambaa chake cha kichwani kikinuka sponji. Barabarani hakusema neno, maana koo lilikuwa limechoka. Mimi nilimtazama nikajua: magodoro yameila.

Siku ya kupiga picha tulikwenda kwenye bustani ya hoteli moja mjini, yenye nyasi za kijani kama zimepakwa rangi. Wanakwaya walivaa kitenge kimoja. Mama aliwekwa mbele, katikati, na alikuwa amejipaka mafuta hadi mikono inang'aa. Muziki ukawekwa, akafungua mdomo bila kuufunika. Alikuwa anamwimbia mdogo wake.

Mugisha akaangalia kwenye kamera, akainua kichwa, akamwita Prezida pembeni. Sikusikia yote. Nilisikia, "Mimi hapana shida, ssebo. Nauliza tu, hii meno tuache hivi?" Prezida akatazama kwenye kamera kwa muda mrefu. Mugisha aliuliza tu. Aliyeamua ni Prezida. Nataka hilo lieleweke.

"Solange, kuja huku mbele," akaita. Solange alikuwa mpwa wake, msichana mzuri, meno meupe yaliyopangika kama punje za mahindi machanga. "Weye fanya tu mudomo. Mama Riziki, rudia kule nyuma. Kule, nyuma ya ule muti."

Mama hakusogea. "Prezida, ulisema nini mu nyumba yangu?"

"Ni kwa utukufu wa Mungu, dada. Batu baangalie wimbo, basiangalie vidonda."

"Na ndugu yangu ataangalia nani?"

"Atasikia sauti."

"Sauti bila uso ni ya mufu," mama akasema. Lakini wanakwaya wote walikuwa wanamtazama, bustani ilikuwa imekodiwa, na jua lilikuwa linashuka. Akaenda nyuma ya mti.

Klipu ilioneshwa kanisani, kwenye shuka lililotundikwa. Nilimtafuta mama kwenye safu ya mbele, ya kati, ya nyuma. Nikauona ukingo wa kitenge chake kando ya shina, basi. Na pale mbele, Solange alifungua mdomo wake mzuri na sauti ya mama yangu ikatoka humo. Watu walilia machozi. Mimi nilipata baridi. Sasa nilikuwa na hadithi kamili: magodoro yaliila, Mugisha akaitoa humo akampa Solange, na Solange akaimeza.

Ushahidi ulikuwa nyumbani. Tangu siku ile mama hakuimba tena. Hakuimba motoni, hakuimba shambani, na Jumapili alikaa benchi la mwisho na midomo iliyofungwa. Nilikuwa naamka mapema kumsikiliza akiwasha moto. Nilisikia kuni zikilia tu.

Wimbo ukaenda kweli. Ukapita kwenye simu, kwa vinyozi, kwenye maduka ya kuchaji. Chini ya klipu kulikuwa na namba ya Prezida, na watu wakapiga kutoka nchi ambazo sisi tulizijua kwenye ramani ya shule tu. Wageni wapya walishuka Kabazana wakauliza Solange anakaa wapi. Prezida akaanza kutembea kama mtu anayechukuliwa picha.

Sikuweza kuvumilia. Siku moja nilimkuta Solange kwenye bomba la maji, akasema hujambo mutoto, nami nikamshika sketi. "Rudishia mama sauti yake," nikamwambia. "Tapika. Mama haimbi tena."

Wanawake waliopanga madumu wakacheka. Solange hakucheka. Aliniuliza, "Haimbi hata kwenu?" Nikatikisa kichwa. Akaliacha dumu lake limejaa nusu, akanishika mkono hadi kwetu, na mlangoni akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, unisamehe. Kuko kitu ninabeba na kinanichoma. Kuko mutu alipiga simu kwa mujomba wangu, Prezida. Nilikuwa pale, aliweka mu sipika. Alisema, ule musichana anaimba na sauti ya yaya yangu, dada yangu mukubwa. Akataja jina lako, lile la kwenu. Akauliza: yaya yangu iko?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.

"Prezida akamujibu nini?"

"Akasema hapana, ni sauti ya Solange. Akasema ule mutu wa ile jina hatumujue." Solange akaanza kulia. "Aliogopa batajua, mama. Ule mutu akauliza tena: basi alishakufa? Mujomba akakata simu."

Sijawahi kuuona uso kama ule wa mama siku hiyo, na nimeona nyuso nyingi kwenye kazi yangu ya kushika kamera. Aliweka ungo chini bila kumwaga hata punje. Akanyoosha kitenge, tukaenda kwa Prezida, mimi nimemshika nyuma. Aliomba kitu kimoja tu: namba.

"Niliifuta," Prezida akasema. Hakukana hata. "Batu mingi banapiga, Mama Riziki. Kila mutu anatafuta mutu. Ningejuaje?"

"Alitaja jina langu."

"Majina banafanana."

"Sawa," mama akasema. Alilisema kwa upole hata Prezida akatabasamu. Njiani nilimuuliza kama tutamwambia mchungaji. Alikuwa anatembea kama mtu anayebeba maji kichwani, asiyetaka hata tone lidondoke.

Baadaye likaja kongamano kubwa la kwaya, Mbarara, kwenye uwanja wa wazi, kwaya za Wakongomani, za Warundi na za wenyeji. Waandaaji walisema kila kwaya iimbe yenyewe, hakuna kuweka CD. Prezida akaja tena kukalia kigoda chetu, safari hii na sukari na sabuni. Alipanga kila kitu: Solange atasimama mbele na mikro, yaani kipaza sauti, iliyozimwa, mama atasimama safu ya tatu na mikro inayosema. Hakuna atakayejua.

Nilidhani mama atamfukuza. Alichukua ile sukari akamwekea chai yake. "Nitakuja," akasema.

Hapo niliingiwa na hofu ambayo bado naikumbuka. Mama hakuwa na sauti. Mimi ndiye niliyejua. Angesimama mbele ya umati ule wote, afungue mdomo wake usio na meno, na kusitoke kitu, wamcheke. Siku zote zilizobaki niliomba Mungu, nikamtafutia tangawizi, nikamnywesha. Alikunywa yote akiniangalia kwa namna ambayo sikuielewa.

Uwanja ulijaa. Mtangazaji aliposema jina la kwaya yetu, watu walisimama, simu zimeinuliwa juu. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya ile sauti. Kinanda kikaanza. Solange akapiga hatua mbele, akaweka mikro mdomoni, akafungua.

Hakuna.

Kinanda kikazunguka tena kutoka mwanzo. Mama alikuwa amesimama wima katika safu yake, mikro ameishika kifuani kama mshumaa, anatazama mbele. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Nikafumba macho nikisema moyoni, Mungu, irudishe, irudishe sasa. Kinanda kikazunguka tena. Prezida, aliyekuwa anaongoza kwa mikono, akamgeukia mama, mikono inaomba, uso unamwaga jasho. Mama akamtazama machoni. Hakupepesa.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja kwenye mabati. "Banange, CD nakwama!" mtu akapaza sauti. Ndipo Solange akafanya jambo ambalo hadi leo sijui kama walilipanga. Alishusha mikro yake, akamwendea mjomba wake mbele ya watu wote, akamwekea mkononi, akasema kwa sauti kubwa iliyosikika hadi kwetu tuliokaa nyasini: "Imba sasa, Prezida. Sauti hii si yangu. Ni ya ule mutu ulisema haumujue."

Akashuka jukwaani. Mama naye akaweka mikro yake chini taratibu, kana kwamba analaza mtoto, akashuka, akanishika mkono. Nyuma yetu kinanda kilikuwa bado kinaendelea, maana mpigaji hakujua afanye nini na vidole vyake. Prezida alibaki peke yake na simu zile zote zinamrekodi. Hiyo nayo ilikuwa klipu, na ilikuwa na miguu kuliko ya kwanza.

Tulirudi Nakivale nyuma ya lori, tumekalia magunia ya pumba. Nilikuwa nalia, namwonea mama huruma kwa aibu ile. Mara nikasikia kitu kinatetemeka kwenye mgongo wake nilioegemea. Alikuwa anaimba. Mdomo umefungwa, chini kabisa, ule wimbo.

"Imerudi?" nikamuuliza.

"Haikuenda fasi," mama akasema. "Nilibanyima tu."

Kwaya ilivunjika kabla ya mvua. Prezida akaacha uprezida, akafungua duka la nguo, na kwa muda mrefu watoto walipopita pale walifungua midomo bila kutoa sauti, kisha wakakimbia. Mimi nilikuwa kiongozi wao. Nilifanya hivyo kwa furaha, na nikikumbuka leo furaha ni ileile. Kuna watu wanasema kisasi hakishibishi. Labda hawajawahi kuonja kilichopikwa vizuri.

Lakini kuna kitu ambacho kisasi hakikurudisha, na ndicho kinachoniweka na hasira hata leo. Namba ilikuwa imefutwa. Nilipokua nilikwenda Mbarara kujifunza kazi kwa Mugisha yuleyule, kushika kamera na kukata picha, na kazi ya kwanza niliyofanya kwa jina langu ilikuwa mama. Nilimweka mbele ya nyumba yetu, kamera karibu, nikamwambia asifunike. Aliimba wimbo wa bibi yangu wa kumbembeleza Asukulu alipokuwa mchanga, mwanzo hadi mwisho, na pengo lake limejaa skrini. Nikauachia uende, namba yangu ikiwa chini yake. Ukazunguka miaka.

Siku simu ilipoingia, nilikuwa nyumbani Nakivale na mama, nikaiweka kwenye sipika. Mwanamume, mwenye hasira. "Yaya yangu alikufa. Nililia matanga yake, nikanyoa kichwa. Nyinyi ni banani munachezea batu balishakufa?"

"Asukulu," mama akasema, "ni miye."

"Kama ni weye, imba."

Akaimba. Upande wa pili mtu mzima akalia kama mtoto aliyeanguka.

Ndipo tukajua. Aliisikia klipu ya kwanza, ile ya Solange, Kigoma, kwenye duka la kuchaji simu. Alikuwa ameshafunga mfuko wa kuja Uganda alipopiga ile namba. Alipojibiwa kwamba mtu huyo hajulikani, aliufungua mfuko, akakaa matanga peke yake, kisha akaelekea upande mwingine, Zambia, akauza samaki, akaoa, akazaa binti akampa jina la mama, kama mtu anavyowapa watoto majina ya waliokufa. Miaka yote hiyo mama alikuwa anaenda Kabazana kuangalia magari.

Mwaka huu Prezida alikuja. Amezeeka, viatu vyake sasa vina vumbi. Kanisani wanataka kumfanya mzee wa kanisa, na mchungaji alisema ni lazima kwanza apatane na watu aliowakosea. Walikuja wote wawili na kreti ya soda. Prezida akazungumza maneno mengi mazuri juu ya shetani na ujana. Mama akawafungulia soda, akawaacha wanywe.

"Miye ulininyima fasi mbele ya kamera, na nilikulipa mbele ya batu," mama akasema walipomaliza. "Hiyo yetu iliisha. Deni iko kwa mwingine. Riziki, piga."

Nikampigia mjomba kwa video. Alipoonekana, mama akamsogezea Prezida simu hadi karibu na pua. "Mwambie weye mwenyewe ile sauti ilikuwa ya nani."

Prezida akalamba midomo. "Ilikuwa ya yaya yako," akasema.

"Sisikii," mjomba akasema.

"Ilikuwa ya yaya yako. Nilidanganya."

"Sisikii. Sema tena."

Mchungaji akatazama chini. Prezida akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na jirani akachungulia kwenye ua. Akasema tena. Mishipa ilimtoka shingoni. Mimi ndiye niliyeishika simu, na mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri ajabu: nilimwona mjomba wazi hadi mvi za kwenye ndevu, na nyuma yake nikasikia hata binti yake akimenya karanga.

"Sisikii," mjomba akasema. "Sema kwa nguvu."